Saratani ya utumbo imefikaje kwenye ini la baba?

Swali: Shikamoo Daktari. Nakuandikia kutoka Tanga. Baba yangu ana miaka 58. Mwaka jana alifanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana, upande wa kushoto, tukaambiwa imetolewa yote. Ripoti ya maabara iliandika pT3, yaani uvimbe umeupita msuli wa ukuta wa utumbo, tezi 2 kati ya 14 zina saratani, na "kuchipua" daraja la Bd3, neno ambalo hakuna aliyetueleza. Akapata kemotherapi kwa miezi 6. Sasa kipimo cha CT kimeonyesha madoa mawili kwenye ini. Walichukua kinyama kwa sindano na majibu yanasema: CK20 chanya, CK7 hasi, CDX2 chanya, asili yake ni utumbo. Wajomba wanasema kisu ndicho kilichoichokoza. Mimi nilisoma kwamba zipo protini za umbo la seli ndizo zinazoisambaza saratani hii, na tangu niliposema hivyo nyumbani, baba amekatazwa nyama, mayai, maharage, hata dagaa. Najuta kusema. Protini hizo ni zipi, ndizo zilizofanya haya, na je, ipo dawa ya kuzizuia?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Poleni sana kwa kuuguza.

Kabla ya darubini, tuongee sahani ya baba. Mrudishieni dagaa wake leo hii, na mayai, na maharage. Protini uliyosoma habari zake na protini ya mezani zimefanana jina tu. Kipande cha nyama kimejaa aktini, ambayo ni mojawapo ya hizo "protini za umbo la seli", lakini tumbo halichukui aktini ya ng'ombe likaipeleka kwenye uvimbe. Huivunjavunja mpaka ikawa chembe ndogo, na kila seli ya mwili hutumia chembe hizo kujijengea protini zake yenyewe, kwa ramani iliyomo ndani ya kiini chake. Seli za saratani zitajenga za kwao hata mgonjwa akifunga siku nzima. Zitanyofoa malighafi kwenye misuli yake. Anayekonda ni baba, na mgonjwa aliyekonda huhimili dawa kwa shida na hupona kidonda cha upasuaji polepole. Ni kweli nyama nyekundu kwa wingi, na zaidi soseji na nyama za kusindikwa, huongeza uwezekano wa mtu kupata saratani ya utumbo. Hilo ni jambo jingine, na halihusiani kabisa na dagaa.

Hata hivyo ulichosoma hakikuwa uongo, kwa hiyo usijute sana.

Kila seli ina kiunzi chake. Ukisikia kiunzi utafikiri mifupa, na hapo ndipo maelezo mengi yanapopotosha, kwa sababu mfupa hukaa pale pale miaka na miaka, ilhali kiunzi cha seli huvunjwa na kujengwa upya dakika hadi dakika. Huko kwenu wavuvi wakienda dago hujenga kambi ya miti, kamba na maturubai, wakakaa, na samaki wakihama wanaing'oa na kuisimamisha kwingine. Kiunzi cha seli kiko hivyo. Kuna nyuzi nyembamba za aktini, zenye unene wa nanomita 7 hivi. Upange kama 10,000 ubavu kwa ubavu ndipo upate upana wa unywele mmoja. Kuna mirija ya tubulini, nanomita 25, ambayo ni reli za kusafirishia mizigo ndani ya seli na ndiyo inayovuta kromosomu seli inapogawanyika. Katikati ya hizo mbili kuna kamba ngumu zisizokatika ovyo: keratini katika seli za ngozi na za kuta za ndani za viungo, vimentini katika seli za tishu unganishi.

Aktini ndiyo inayotembeza. Ilitambuliwa kwanza katika misuli, huko Szeged, Hungaria, mwaka 1942, na kwa muda watu waliamini ni mali ya misuli peke yake. Leo tunajua seli karibu zote zinayo. Seli inayotambaa hurefusha nyuzi za aktini upande wa mbele, utando wake ukasukumwa ukawa kama ulimi. Ulimi huo hushika chini kwa protini ziitwazo integrini. Kisha seli hujivuta na kuachia nyuma. Seli nyeupe za damu hufanya hivyo mchana na usiku zikiwinda vijidudu. Ukijikata kidole jikoni, seli za ngozi hutambaa kutoka pande zote mbili za kidonda hadi zikutane. Kutembea si ugonjwa. Bila seli zinazotembea, usingezaliwa na usingepona hata mkwaruzo.

Lakini seli ya ukuta wa utumbo haipaswi kutembea peke yake. Ukuta wa ndani wa utumbo mpana umejaa vishimo vidogo sana. Seli huzaliwa chini ya kishimo, hupanda pamoja kama watu waliopanga foleni huku wameshikana mikono, na baada ya siku 4 au 5 hufika juu na kudondoka, zikatoka na choo. Mikono wanayoshikana ni protini iitwayo E-kadherini. Mkono wa seli hii hukamata mkono wa jirani, na kwa ndani kila mkono umefungwa kwenye nyuzi za aktini kwa kibanio kiitwacho beta-katenini.

Naomba uikumbuke beta-katenini, maana hadithi nzima ya baba inapita hapo.

Protini hii ina ajira mbili. Ya kwanza ni hiyo ya kibanio, ukutani mwa seli. Ya pili ni utarishi: ikilimbikizana, huingia ndani ya kiini cha seli na kuamsha jeni zinazosema "gawanyika". Ili utarishi usizidi, seli inayo protini nyingine, APC, inayosaidia kukamata beta-katenini iliyozidi na kuipeleka ikavunjwe. Katika saratani za utumbo mpana kama 8 kati ya 10, jeni ya APC imeharibika, na mara nyingi ndiyo hitilafu ya kwanza kabisa. Hapo tarishi huingia kiini bila kizuizi. Seli huzaana, kikaota kinyama, kile tunachokiita polipu. Jambo la kushangaza ni kwamba polipu hiyo inaweza kukaa miaka mingi, mara nyingi 10 au zaidi, bila kwenda popote. Seli zake zimezidi idadi, ila bado zimeshikana mikono. Ndiyo maana kipimo cha kamera ya utumbo kinaokoa maisha: daktari anaikata polipu kabla seli zake hazijajifunza kutoka.

Zikiongezeka hitilafu nyingine, katika jeni kama KRAS na TP53, mambo hubadilika. Nikitazama saratani ya utumbo kwenye darubini, katikati ya uvimbe mara nyingi naona seli zimejipanga duara, bado zinaigiza vishimo vya utumbo kwa namna ya ovyo ovyo. Nikisogeza kioo hadi ukingoni, pale uvimbe unapoingia kwenye msuli, mpangilio unaanza kuvunjika. Duara linafunguka. Seli moja imetoka kando, nyingine mbili ziko mbele yake, pale kuna tatu. E-kadherini kwenye kuta zao imepungua, na beta-katenini, badala ya kuwa ukutani, imejazana ndani ya kiini. Ni uvimbe uleule na hitilafu zilezile za jeni, lakini seli za katikati na za ukingoni zina tabia mbili.

Hicho ndicho ripoti ilichokiita kuchipua. Chipukizi ni seli moja au kifungu cha seli zisizozidi 4, zilizojitenga na uvimbe mama kwenye ukingo unaosonga mbele. Mwaka 2016 wataalamu wa patholojia walikubaliana namna moja ya kuzihesabu: unatafuta sehemu yenye chipukizi nyingi zaidi, unahesabu katika eneo la milimita za mraba 0.785. Zikiwa 0 hadi 4 ni Bd1, 5 hadi 9 ni Bd2, 10 na kuendelea ni Bd3. Kwa hiyo ripoti ya baba ilikuwa inasema: siku uvimbe huu ulipotolewa, tuliona ukingoni seli nyingi zilizokwisha kujitenga. Mtu alipaswa kuwaeleza hilo. Halikuwa hukumu, kwani wapo wenye Bd3 ambao ugonjwa haukurudi tena, lakini lilikuwa jambo la kusemwa.

Sasa ile protini ambayo nadhani ndiyo uliyoisoma. Inaitwa fasini. Historia yake inanifurahisha kila mara: iligunduliwa katika miaka ya 1970 kwenye mayai ya mnyama wa baharini mwenye miiba, wa jamii moja na yule wa miiba mirefu myeusi ambaye watoto wa pwani wote wanajua maumivu ya kumkanyaga. Kazi ya fasini ni kuzifunga nyuzi za aktini matita, kama mtu anavyofunga fito. Uzi mmoja wa aktini ni laini, ukisukuma utando wa seli unapinda. Nyuzi kumi na kitu zikifungwa tita moja huwa ngumu kama mkuki, na seli ikapata vidole virefu vya kupapasa mbele na kupenya kati ya tishu. Seli za kawaida za ukuta wa utumbo hazina fasini, au zinayo kidogo sana. Hazina haja nayo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha mambo matatu kuhusu fasini na saratani ya utumbo mpana. Kwanza, anayeiamsha jeni ya fasini ni yule yule tarishi, beta-katenini, akiwa ndani ya kiini. Pili, katika uvimbe wa wagonjwa fasini ilionekana ukingoni tu, si katikati. Seli za maabara zikilazimishwa kuwa nayo zilitambaa na kusambaa zaidi, zikinyimwa zikapunguza kupenya. La tatu ndilo lililonifanya nikae vizuri kwenye kiti nilipolisoma. Watafiti walipotazama uvimbe uliokwisha kuhamia kwingine, fasini haikuwepo. Seli zilikuwa zimeivaa kwa safari, zikafika, zikaivua.

Si fasini peke yake. Saratani nyingi za utumbo huanza kutengeneza plastini ya aina ya L, nayo ni mfungaji wa matita ya aktini ambaye kwa kawaida hupatikana katika seli nyeupe za damu. Yaani seli ya ukuta wa utumbo imefungua ukurasa wa ramani ambao si wake, ikaazima zana ya askari doria. Baadhi ya seli za ukingoni huwasha pia vimentini na kuanza kufanana na seli za tishu unganishi, ingawa katika saratani ya utumbo mageuzi hayo mara chache hukamilika. Mara nyingi seli zinaondoka kwa vikundi, bado zimeshikana kwa mkono mmoja, aliye mbele akichimba njia na wengine wakifuata. Ndiyo sababu sipendi makala zinazoitaja protini moja kuwa "mhalifu wa saratani". Mhalifu hayupo peke yake, na zana zote anazotumia ni za mwenye nyumba.

Njia ya kutoka utumboni hadi ini ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Seli zilizotangulia hutoa vimeng'enya vinavyokata utando na nyuzi zinazozuia njia, zikafika kwenye mshipa mdogo wa damu wenye ukuta mwembamba, zikajipenyeza. Damu ya utumbo mpana hairudi moja kwa moja kwenye moyo. Hukusanywa na mshipa mkuu unaoipeleka kwanza kwenye ini, kwa sababu ini ndilo linalokagua kila kilichotoka utumboni. Kwa hiyo ini ndicho kichujio cha kwanza ambacho seli hizo hukutana nacho, na ndilo saratani ya utumbo mpana huhamia zaidi ya kiungo kingine chochote. Saratani ya sehemu ya chini kabisa ya puru inaweza kuruka ini na kwenda mapafuni moja kwa moja, kwa kuwa mishipa yake inapita njia nyingine.

Wengi wa wasafiri hawa hufa. Hupondwa na mwendo wa damu, huliwa na seli za kinga, au hufa kwa kuwa tu zimekosa pa kushika. Inakadiriwa kwamba chini ya seli 1 kati ya 1,000 zinazoingia kwenye damu huweza kuanzisha uvimbe mpya. Daktari wa Uingereza, Stephen Paget, aliandika mwaka 1889 kwamba seli za saratani ni kama mbegu: hupeperushwa pande zote, lakini huota pale tu penye udongo unaozifaa. Ini ni udongo unaozifaa seli za utumbo.

Na zinapoota, zinarudi nyumbani kitabia. Zinavua fasini, zinashikana mikono tena, zinajipanga duara. Mtu anayetazama kinyama cha ini cha baba anaona vishimo vya utumbo vimejengwa katikati ya ini. Hapo ndipo zile herufi za ripoti zinapoingia. CK ni kifupi cha sitokeratini, zile kamba ngumu za kiunzi. Zipo za aina nyingi zenye namba, na kila ukoo wa seli hupenda namba zake. Seli za utumbo mpana kwa kawaida zina namba 20 na hazina namba 7. Saratani za mapafu na za njia za nyongo, kwa kawaida, zina namba 7. Tunapaka kipande dawa inayoshika CK20 peke yake, na ikishika inatoa rangi ya kahawia. CDX2 si ya kiunzi, ni protini inayokaa ndani ya kiini na kuiambia seli "wewe ni wa utumbo". Zote tatu zikikubaliana, tunajua hii si saratani ya ini. Ni saratani ya utumbo inayoishi kwenye ini, na itatibiwa kwa dawa za utumbo. Ona basi: kiunzi kilekile kilichomsaidia adui kusafiri ndicho kilichotoa kitambulisho chake.

Nije kwa wajomba. Nawaheshimu, na hofu yao nimeisikia kwa miaka mingi: saratani ikiguswa na kisu inasambaa. Hofu hiyo imewaua watu wengi waliochelewa kupasuliwa. Jibu limo ndani ya ripoti mnayoishika mkononi. Tezi 2 kati ya 14 zilizotolewa pamoja na utumbo zilikuwa tayari na saratani. Hazikuipata pale mezani. Uvimbe huchukua miezi na miezi kujijenga ndani ya tezi. Seli zilikuwa zimekwisha kuanza safari kabla baba hajavaa gauni la chumba cha upasuaji, na waliokwenda kwenye tezi huenda walikuwa na wenzao waliokwenda kwenye damu. Ni kweli kwamba kuushikashika uvimbe kunaweza kusukuma seli chache kwenye damu, na madaktari wa upasuaji huifunga mishipa mapema na kuushika taratibu kwa sababu hiyo. Lakini uvimbe ulioachwa tumboni unamwaga seli kila siku, miezi yote. Kisu kilifunga bomba hilo.

Na aliyewaambia "tumetoa yote" hakudanganya. Alimaanisha yote yanayoonekana, na kingo za utumbo uliokatwa zikiwa safi. Doa la sentimita moja kwenye ini lina seli za mamia ya mamilioni. Kifungu cha seli elfu chache hakionekani kwa CT wala kwa macho ya daktari aliyefungua tumbo. Kemotherapi ya miezi 6 ilitolewa kwa ajili ya vifungu vya aina hiyo hasa. Kwa wengine inavimaliza. Kwa baba haikuvimaliza.

Swali lako la mwisho: dawa ya kuzizuia protini hizi. Ungeniuliza nikiwa mwanafunzi ningekuambia ni rahisi, tuipige aktini. Tatizo ni kwamba moyo wa baba unadunda kwa aktini. Kuna uyoga wa sumu wa Ulaya wenye kemikali iitwayo faloidini, ambayo hugandisha nyuzi za aktini zisiweze kufunguka. Maabarani tunaitumia kuzipaka nyuzi hizo rangi ziweze kuonekana. Wanyama wakidungwa, ini lao linaharibika na wanakufa.

Tubulini imepata bahati zaidi. Pakliteksi, iliyotokana na gome la mti wa Marekani, na vinkristini, iliyotokana na ua lenye asili ya Madagaska ambalo linastawi pia kwenye bustani zetu za pwani, zote mbili hushambulia mirija ya tubulini. Zimeokoa wagonjwa wengi wa saratani za matiti na za damu. Kwa saratani ya utumbo mpana hazikufua dafu. Sababu mojawapo ni kwamba seli za utumbo zina pampu ya kutema sumu, nazo zinazitema dawa hizi. Baba alipewa dawa za njia nyingine, zinazovuruga DNA: kwa kawaida ni fluorourasili, iliyoanza mwaka 1957, au kaka yake wa vidonge, pamoja na oksaliplatini.

Dawa za kuizuia fasini zipo kwenye majaribio, na mojawapo imekwisha kujaribiwa kwa binadamu wenye saratani za aina mbalimbali. Bado si tiba. Mtu akiwauzia kitu kwa jina hilo, mkimbieni. Na hata ikifaulu, kumbuka lile jambo la tatu: seli zilizokwisha kufika kwenye ini zimeivua fasini. Kumzuia kutembea aliyekwisha kukaa ni kuleta mwavuli mvua imeshaanuka. Faida yake, kama itakuwepo, itakuwa kwa mgonjwa ambaye ndiyo kwanza amegunduliwa, na kuipima inahitaji kusubiri miaka kuona nani hakusambaziwa. Majaribio mengi ya dawa yamezoea kupima kama uvimbe umepungua ukubwa. Dawa inayozuia safari bila kupunguza uvimbe itaonekana imeshindwa hata kama imefaulu. Nadhani hicho ndicho kikwazo kikubwa kuliko kemia yenyewe.

Basi kwa baba, swali la kwanza kwa madaktari wake liwe hili: je, madoa haya mawili yanaweza kukatwa? Saratani nyingi zikihamia ini mlango unafungwa. Ya utumbo ni tofauti. Madoa yakiwa machache na yamekaa mahali panapofikika, kuyakata kunaweza kumpa mtu miaka mingi, na wapo wanaopona kabisa. Kati ya waliochaguliwa vizuri wakafanyiwa upasuaji huo, kama 4 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka 5. Ini lenye afya hukua tena hata likipunguzwa zaidi ya nusu. Lakini anayepaswa kujibu ni daktari wa upasuaji aliyezoea ini, akiziona picha za CT mwenyewe. Msikubali jibu la "haiwezekani" kutoka kwa mtu ambaye hafanyi kazi hiyo.

La pili, ulizeni kama uvimbe umepimwa jeni za KRAS, NRAS na BRAF, na kipimo cha mfumo wa kurekebisha DNA, ambacho huandikwa MSI au MMR. KRAS na NRAS zikiwa salama, na uvimbe ulitoka upande wa kushoto kama wa baba, kuna dawa za kingamwili, kama setuksimabu, zinazosaidia zaidi. Zikiwa zimebadilika, dawa hizo ni kutupa fedha. MSI ikiwa juu, jambo linalotokea kwa wachache, dawa za kuamsha kinga zinaweza kufanya kazi kubwa kuliko kemotherapi. Ulizeni pia CEA ya damu ya baba ni ngapi na ilikuwa ngapi kabla. CEA, kwa taarifa yako, ni protini ya ukoo wa zile zinazoshikanisha seli. Ilitambuliwa Montreal mwaka 1965, na tunaitumia kufuatilia kama ugonjwa unapungua au unapanda.

Wewe na ndugu zako, kwa kuwa baba amepata kabla ya miaka 60, mfanye kipimo cha kamera ya utumbo mkifika miaka 40, na mapema zaidi kama kuna damu kwenye choo au tabia ya choo imebadilika bila sababu. Mweleze daktari kama babu, shangazi au baba mdogo aliwahi kupata saratani ya utumbo au ya mji wa mimba, maana hapo ushauri hubadilika.

Na kabla hamjasafiri kwenda kokote kuonana na daktari wa ini, piteni maabara iliyotoa ripoti ya kwanza mkaombe vile vipande vya nta. Ni vidogo kama kibiriti, na ndani yake kuna uvimbe wa baba, pamoja na ule ukingo niliokueleza. Vipimo vya KRAS na MSI hufanywa humo, bila kumchoma baba sindano nyingine. Vibebeni kwenye mkoba wa mkononi, msiviache juani kwenye dashibodi ya gari, kwa sababu nta huyeyuka.